Kiraka cha Papa Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa atelye, yaani mkuu wa karakana yetu, alinionyesha ufagio. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, maana mama yangu kule Butembo alinifundisha kwamba kazi mpya huingiwa kwa nguo safi, na yule bwana akadhani nimeletwa kufagia. Niliuegemeza ufagio ukutani, nikamwambia nimekuja kutengeneza ndege. Alicheka. Mimi sikucheka, nikavuta kiti nikakaa.

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, sikilizeni. Kampuni yetu ya ndege hapa Goma ilikuwa na chumba kidogo nyuma ya hanga, na humo tulitengeneza maketi, yaani ndege ndogo zinazofuata ndege kubwa kwa kila kitu. Sentimita moja kwetu ilikuwa nusu mita kwa ile ya kweli. Nyingine ziliwekwa kwenye bilo, zile ofisi za kuuzia tiketi, nyingine zilifundishia mafundi. Mwili tuliuchonga kwa ubao mwepesi, halafu tukauvika ngozi ya bati la mkebe wa bia. Duka la vipande vidogo halikuwepo, na hata leo halipo. Antena ilikuwa uzi wa wavu wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mipira ya breki tuliitoa kwenye nyaya za umeme, na mikanda ya viti ilikatwa kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mtu akikuambia kitu fulani hakiwezi kutengenezwa, muulize kwanza kama amejaribu.

Riveti ndizo zilizonipa heshima. Riveti ni vile vichwa vya misumari vinavyoshika mabati ya ndege, na kwenye maketi Shefu alizigonga moja moja kwa sindano, mstari ukapinda kama njia ya mbuzi. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mshonaji. Nikatoa mkobani rulete yangu, kile kigurudumu chenye meno cha kuwekea alama kwenye kitambaa, nikakiviringisha upande wa nyuma wa bati. Mstari ukatoka umenyooka. Shefu aliuangalia, akaniomba nimnunulie na yeye rulete sokoni. Toka hapo ufagio tuliushika kwa zamu.

Aliyenifundisha ndege yenyewe ni Papa Bahati, mtu wa milima ya Masisi, toliye wetu, yaani fundi wa mabati kwenye ndege kubwa. Alikuwa ananikataza kuchonga kitu ambacho sijakigusa kwa mkono, kwa hiyo kila asubuhi nilipita hanga kwanza. Siku moja ndege yetu ya mizigo ilitua, gurudumu likarusha jiwe la volkano, likatoboa ubavu karibu na mlango. Komanda, ndiye rubani mkuu, akasema ndege italala mpaka bati zima liletwe kutoka nje ya nchi. Papa Bahati alilitazama lile shimo, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaliziba kwa kiraka, inspektere akakikagua akakipitisha, na ndege ikaendelea kubeba maharage na wagonjwa kwa miaka mingi.

Kisha Direktere, mkubwa wa kampuni, akaagiza maketi ya ndege ileile, ya kuweka kwenye bilo kubwa. Niliifanya kwa moyo wote, na ubavuni nikaweka kiraka. Direktere hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kupoteza abiria, na hofu hiyo naielewa. Alipokiona akaniita.

"Mama Masika, utoe hii kiraka. Batu bakiiona bataogopa kupanda."

"Direktere, bamepanda nayo miaka yote," nikasema. "Nikiitoa, haiko tena ndege yetu. Itakuwa ndege ya kalenda."

"Unaitoa, ao unatoka atelye."

 Nilikuwa na watoto wa kusomesha, na ile atelye niliipenda kuliko nyumba yangu. Lakini Papa Bahati alikuwa ameanza kupoteza macho, asingeweza tena kupiga riveti, na kazi yake kubwa ilikuwa pale ubavuni. Niifute kwa mkono wangu mwenyewe? Aka! Nikasema sitoi. Kesho yake nikajikuta depo ya mizigo, napima magunia ya viazi, na maketi yangu akapewa mwingine, akaipaka mastiki ya kuzibia matundu mpaka ubavu ukawa laini kama sabuni. Depo ndiko nilikomalizia kazi. Waliniita kichwa ngumu. Ni kweli, na sijapona.

Sasa niko pensheni, nyumbani, mtaa wa Keshero. Kiwanja cha ndege kimefungwa kwa sababu ya vita, anga limenyamaza, na majirani wananiuliza ndege za nini siku hizi, Mama, si ufuge hata kuku. Kuku ninao. Lakini vyombo vyangu siviweki chini, maana tukisubiri amani ndipo tufanye kazi vizuri, tutazeeka na mikono mipya.

Ndiyo maana niliitengeneza upya ile ndege nzima, pamoja na kiraka chake. Nikaifunga ndani ya kitenge, nikampelekea Papa Bahati kwa binti yake, mtaa wa Mugunga. Haoni tena kabisa. Nilimwekea ndege mapajani, vidole vyake vikapita puani, vikapita juu ya bawa, vikashuka ubavuni, vikasimama.  Mimi nikasubiri kusifiwa.

"Masika, hii kona ya kiraka umeiacha kali."

"Papa, hii ndege haitaruka."

"Kona kali njo inaanzisha ufa. Uikate muviringo."

Nilitoa tupa mkobani, nikakaa chini kando ya kiti chake, nikaanza kuipiga ile kona taratibu, na kila mara yeye alipitisha kidole na kutikisa kichwa kwamba bado. Na kama Direktere angetokea mlangoni saa ile, anipe tena uchaguzi wake, ningemwambia asubiri nje, kona haijaisha.