Wimbo Uliokatizwa Saa Nane

Mchana ule nyumbani kwa Bok-rye hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya. Redio ilikaa juu ya meza ya kulia, na kile kinasa sauti alichotumiwa na mumewe kutoka Saudia kilikuwa kimesogezwa mpaka karibu kabisa na spika. Waya wa kuviunganisha haukuwepo. Kwa hiyo chochote kilicholia chumbani kiliingia kwenye kanda, kuanzia kikohozi cha mama mkwe hadi kengele ya muuza tofu kule kichochoroni.

Kanda ilikuwa ya mumewe, Man-seok, aliyekuwa mwaka wa pili jangwani akijenga bandari ya watu. Bok-rye aliijaza wimbo mmoja mmoja, kidole kwenye kitufe, akimlaani mtangazaji kila alipoanza porojo zake kabla wimbo haujaisha. Sasa ulibaki mmoja tu, ule ambao Man-seok aliuimba siku ya harusi yao, akakosea maneno, wageni wakacheka hadi wakamwaga pombe. Madukani haukupatikana. Bok-rye alituma kadi redioni mara tatu, ya mwisho ikiwa imechorwa maua na binti yake Mi-ok, na jana yake mtangazaji akalitaja jina lake: kesho, kabla ya saa nane mchana.

Angeweza kungoja siku nyingine, lakini Tak, anayelala chumba kimoja na Man-seok huko kambini, alikuwa amemaliza likizo na anaondoka leo na kanda hiyo. Juzi, alipokuja kuchukua pilipili ya kusaga na dagaa wakavu, alivaa viatu vyake mlangoni, kisha akasita.

"Shemeji, nisikufiche," alisema kwa sauti ya chini. "Jamaa haongei tena. Akitoka kazini anageukia ukuta. Tulikuwa na mwenzetu mmoja alianza hivyo hivyo, tukamrudisha kwao ndani ya jeneza."

Bok-rye aliibeba habari hiyo peke yake. Mama mkwe hakuambiwa, na ndiyo maana alikuwa na mdomo vile.

"Mwanamume mzima atumiwe nyimbo," alinong'ona bibi kizee akimenya vitunguu saumu. "Mtumie soksi."

"Mama, nakuomba."

"Nimekaa kimya hapa kama maiti. Unataka nini tena?"

Watu wa redio hawana haraka ya mtu. Mtangazaji alisoma kadi ya mwanajeshi, akasoma ya msichana wa kiwandani, akacheka peke yake. Saa ya ukutani ilikaribia nane. Bok-rye akaweka kidole juu ya kitufe.

"Na huu wa Mama Mi-ok wa Incheon," mtangazaji akasema hatimaye, "tuuwahi kabla hatujakatizwa."

Bok-rye alisikia jina lake tu. Hilo la kukatizwa liliingia sikio moja likatokea la pili. Akabonyeza kitufe, akazuia pumzi, na filimbi za mwanzo zikaingia safi kabisa. Ubeti wa kwanza ukaisha salama. Mi-ok aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ukaja ule ubeti wa pili, ambao Man-seok hukosea, na Bok-rye akajikuta anatabasamu.

Ndipo king'ora kilipolia. Kililia redioni, kikalia juu ya paa la shule, kikalia mji mzima. Tarehe kumi na tano! Kila mwezi, tarehe hiyo hiyo, saa nane, nchi nzima inafanya mazoezi ya kujikinga na ndege za adui, na hakuna mtoto asiyejua. Bok-rye alihesabu dakika za wimbo, tarehe akaisahau.

Mi-ok alijitupa chini ya meza kama alivyofundishwa shuleni, akimwita mama yake naye aingie. Bibi kizee akatupa kisu.

"Mbwa hawa! Hata kufa kwetu watatupangia tarehe kumi na tano!" alipayuka. "Man-seok wangu anangoja wimbo, nyie mnapuliza tarumbeta zenu! Na wewe jirani, mama Chun-ja, anua nguo zako upesi zisionekane angani, balozi wa mtaa anakuja na kitambaa chake cha njano mkononi, atakupigia kelele hadi jioni!"

Bok-rye alikuwa analia kwa sauti, bila aibu, kidole bado kipo kwenye kitufe. Kanda ilizunguka hadi ikaishia yenyewe.

Hali ya hatari ilipoondolewa, Tak aliingia mbio, teksi ikiunguruma nje.

"Iko wapi?"

"Imeharibika, shemeji. Usiichukue."

"Nimeahidi kanda. Nikirudi mikono mitupu, nitamwambia nini yule?" Akaitia mfukoni, akaondoka.

Bok-rye hakulala vizuri tena. Kila mtu wa posta alipopita, alimtuma Mi-ok mlangoni.

Baridi ilipoanza, ikaja kanda kutoka Saudia. Walikaa watatu kuizunguka. Kwanza kelele za wanaume, kisha sauti ya Man-seok, imekauka lakini ni yake.

"Mama Mi-ok, tulikuwa tumejilaza vitandani tunaisikiliza kanda yako. King'ora kikalia, wanaume wazima tukajitupa chini ya vitanda! Halafu Mama akaanza kutukana. Tulicheka, we! Tulicheka hadi jirani wakaja. Mara nikasikia unalia, na Mi-ok anakuita chini ya meza, nikalia na mimi, mbele za watu wote. Tangu hapo Tak ananiomba ninyamaze, naongea mno." Akakohoa. "Wimbo wenyewe acha tu, naujua. Ila tarehe kumi na tano, saa nane, washa tena kinasa sauti. Mama asikose."

Bibi kizee alijifuta uso kwa mkono unaonuka vitunguu.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.