Wimbo wa Mwanamke wa Shimoni

Marcelline hakuwahi kutoka nje ya geti la nyumba yao ya Bellevue, Johannesburg, bila kitenge kilichopigwa pasi. Nyumba ilikuwa imekatwa vyumba saba, na katika viwili vya mbele aliishi yeye, binti yake Murielle, na mama mkwe wake Clémentine. Wapangaji wenzake walimjua vizuri: mjane wa mwalimu Ezéchiel, yeye mwenyewe mwalimu wa Kifaransa kule Uvira, Kongo, mwanamke ambaye hata akiazima chumvi huiomba kwa sentensi kamili.

Utajiri wa nyumba hiyo ulikuwa hadithi za Mama Clémentine. Wenzake waliozijua walikuwa wamekwisha, wengine kwa uzee, wengine kwa vita. Kwa hiyo Monicah, Mkenya anayefundisha chuo kikuu na kukusanya hadithi za kale za wahamiaji wa Johannesburg, alipomwomba Marcelline amrekodi bibi kwa simu na kuziandika, Marcelline alikubali chai ikiwa bado ya moto. Jina la familia lingechapishwa kwenye kitabu.

Walifanya kazi kila asubuhi baada ya uji. Hadithi nane zilipita salama. Ya tisa ilikuwa ya ukoo wao wenyewe.

"Mwindaji Lubunga alienda kutazama shimo lake la kunasia nguruwe pori," alisimulia Mama Clémentine. "Ndani akakuta mwanamke mwenye alama ya kamba shingoni. Akamtoa, akamwoa, akamwapia kwamba hakuna atakayemtajia lile shimo. Siku moja, pombe imewapanda, ndugu za mume wakamwambia: Weye si tulikutoa shimoni, pamoja na nguruwe? Mwanamke akatua mtungi. Akashika njia ya kurudi kule shimoni, anaimba, watoto wake nyuma wanaitikia."

Hapo bibi akaimba mwenyewe, kwa Kibembe cha zamani. Marcelline alikulia mjini. Kibembe chake kilikuwa cha kusalimia. Katika wimbo ule alijua kiitikio tu, kile ambacho ukoo mzima uliitikia kwenye misiba: Yee, mama, yee.

"Ile alama ya kamba, Mama, ni ya nini?"

"Ya utumwa. Alitoroka msafara. Ndiye alituzaa."

Marcelline aliitazama simu kana kwamba imesikia kitu kisichopaswa kusikiwa. Desemba wazazi wa Steve, mchumba wa Murielle, wangekuja kuposa, na mjomba wa Steve, mzee Ignace wa kanisa la Rosettenville, hakuwa mtu wa kukaa na neno mdomoni. Watoto wa shimo: aliyasikia tayari maneno hayo yakipita benchi kwa benchi.

"Mama, tuseme alimkuta kwenye chemchemi. Binti wa mtemi, amepotea njia."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Na pale kwenye chemchemi ataimba nini, mukwe wangu? Maji ni baridi? Wimbo ni wa shimo. Ukiondoa shimo, huyu mama hana pa kurudi."

"Watu watatucheka."

"Walishamcheka yeye. Hadithi ndiyo hiyo."

Siku ileile Marcelline alifuta sauti kwenye simu. Akaandika ya chemchemi kwa Kiswahili safi kisicho na doa, na mahali pa wimbo akaweka maneno mawili: Hapa anaimba. Akamtumia Monicah.

Wiki tatu baadaye, Mama Clémentine alianguka akivaa viatu vya kwenda kanisani. Kiharusi kilichukua upande wa kulia pamoja na maneno yote.

Monicah hakuwa na habari. Alipiga simu akiwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani, honi zikilia nyuma yake. "Mama Murielle, ile ya ukoo wenu ni nzuri, lakini sielewi kwa nini anaondoka. Anarudi wapi? Nafikiri wimbo ndio unaeleza. Nitumie wimbo."

"Nitakutumia," alisema Marcelline. Ulimi wake haukuzoea kukiri.

Aliipeleka simu kwa Placide, fundi wa simu wa barabara ya juu. Placide aliikalia nusu siku, kisha akatikisa kichwa. "Eish, mama. Imeenda. Uliyorekodi baadaye yamekaa juu yake."

Jioni alimuuliza Murielle kama bibi aliwahi kumfundisha wimbo wa shimo.

"Lini, Mama? Bibi akianza tu, ulikuwa unanifukuza. Ulisema nitaharibu Kiingereza." Murielle aliinua macho. "Hadithi ninaijua. Hata Steve anaijua. Bibi alimsimulia Pasaka."

Marcelline aliketi. "Steve anajua habari ya kamba?"

"Alipenda sana. Alisema bibi yetu wa kwanza alikuwa mwanamke jasiri."

"Na wimbo? Anaukumbuka?"

"Steve? Hata nyimbo za kwaya anafungua mdomo tu."

Marcelline alitoa daftari, akafuta chemchemi, akafuta mtemi na binti yake. Akaandika shimo, kamba, msafara, kila kitu kama kilivyosemwa, mpaka akafika palepale. Kalamu ilisimama. Akaandika tena: Hapa anaimba.

Asubuhi, baada ya kumlisha bibi uji, alivuta kiti karibu na kitanda akamsomea. Mama Clémentine alisikiliza macho wazi. Waliposema wale ndugu "Weye si tulikutoa shimoni", mdomo wake ulijikunja upande mmoja, karibu na kicheko. Mwanamke akatua mtungi. Akashika njia.

Marcelline akanyamaza.

Mkono wa kushoto wa bibi ulianza kupiga blanketi taratibu, mapigo ya mtu anayetembea. Alikuwa akingoja wimbo. Koo lake lilitoa mvumo usio na neno hata moja, ukakatika. Mkono ukaendelea kupiga.

"Yee, mama, yee," Marcelline aliitikia.

Hakuna aliyekuwa ameimba. Aliitikia tena, kwa sauti zaidi, mpaka jirani akagonga ukuta. Mkono wa bibi ukapiga mara mbili, mara moja, ukatulia. Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, na Marcelline akabaki na daftari magotini, limefunguka kwenye yale maneno mawili.