Aliyeshangilia Mzunguko Mmoja Mapema

Niliwahi kumwona mtu akishangilia ushindi huku mbio hazijaisha.

Kengele ya mzunguko wa mwisho inalia pembeni yake, na yeye mikono juu.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Zilikuwa mbio za baiskeli za vijana, mizunguko minane, kila mzunguko una mlima wa kutoa roho. Mshindi angechukuliwa na timu kubwa, apewe baiskeli na kocha. Nafasi moja tu. Niliitaka kuliko nilivyotaka kufaulu mitihani.

Wa kunizuia alikuwa mmoja. Tulimwita Prinsi.

Baiskeli yake ilikuwa nyepesi, unainyanyua kwa kidole. Baba yake tulimwita Mzee Kipaza, maana alifuata mbio kwa gari akimfokea mwanawe kwa kipaza sauti.

"Kanyaga, unaendesha kama umebeba mayai."

Mzee mwenyewe kwa tumbo lile, hata baiskeli ya mtoto isingembeba. Chakula cha kijana alikipima kwa mizani, mbele za watu, bila haya.

"Hao wana kila kitu," mama mdogo aliniambia akinijazia chupa ya maji. "Wewe una nini?"

"Nina hasira."

"Basi kunywa. Hasira haikati kiu."

Tukaanza. Kufikia mzunguko wa tatu, nusu ya wenzetu walikuwa kando ya barabara wanatapika. Prinsi akachomoka peke yake, tukabaki wanne tunamfukuza.

Ustaarabu wa mchezo huu ni kupokezana mbele. Wewe unakata upepo, wenzako wanapumzika nyuma yako, kisha unampisha mwingine. Lakini wale watatu, zamu yao ikifika, mara kiatu kimelegea, mara kikohozi. Wanyonyaji wakubwa. Upepo wote niliula mimi.

Ndipo nikamwona Prinsi kwa mbele anavuka mstari. Kengele inalia. Mikono juu, anabusu vidole. Akafunga breki, akashuka, akaketi ukingoni mwa barabara kama mtu anayesubiri chai.

Mzee Kipaza alikuwa nusu mwili nje ya dirisha. "Bado mmoja! Panda, bado mmoja!"

Prinsi akampungia mkono.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka hadi nikakosea gia. Kichwa maji yule. Raha zote hizo, na kuhesabu mpaka nane hawezi.

Mlima wa mwisho nikawaacha wale wanyonyaji na vikohozi vyao. Nikashinda. Mama mdogo akalia, akanipangusa kamasi mbele ya wapiga picha.

Baadaye nikamkuta Prinsi bombani, ananawa miguu huku anapiga mluzi. Nikamsogelea nimdhihaki kidogo.

"Pole, bingwa. Kengele hukuisikia?"

"Niliisikia vizuri. Ndiyo niliyokuwa naisubiri."

Akaendelea kusugua miguu.

"Nikishindwa, baba ananiongezea mazoezi. Nikishinda, ananiongezea mashindano. Kitu asichokiweza ni kuchekwa." Akafunga bomba. "Leo amechekwa na umati mzima. Amesema baiskeli sitaigusa tena maisha yangu yote."

Akatabasamu, meno yote nje. "Hongera, lakini."

Kikombe cha ushindi kikawa kizito mkononi. Kumbe nimeshinda kwa sababu mwenzangu alikuwa anatoroka. Nilijiona mpumbavu, nawaambia ukweli.

Haikuishia hapo. Jumamosi iliyofuata gari lilisimama mlangoni kwetu. Akashuka Mzee Kipaza na ile baiskeli, kipaza sauti kwapani.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. Alikuwa ananikagua mapaja.

"Kipaji anacho," akamwambia mama mdogo, "ila mlegevu. Niachieni mimi nimnyooshe. Baiskeli hii itakuwa yake."

Ya timu kubwa nilikuwa bado sijapewa. Nikaitazama ile baiskeli, mate yakanijaa mdomoni. Kile alichokikimbia Prinsi kilikuwa kimeegeshwa nje kwetu, kinang'aa.

Mama mdogo akamtazama mzee juu mpaka chini.

"Na mizani ya chakula umekuja nayo?"

"Imo kwenye gari," akajibu mzee, kwa fahari kabisa.

Mama mdogo akafunga mlango taratibu.

"Mama mdogo, ile unainyanyua kwa kidole," nikalalamika.

"Kaongeze upepo kwenye tairi zako."

Kwa hiyo ndugu zangu, siku hizi nikimwona mtu anashangilia mapema, simcheki. Namuuliza kwanza ameponyoka wapi.