Neno la Siri Ukutani

Muzee mwenye nyumba yetu ya Katindo alinipa kazi ya kulinda swichi yake, kisanduku kinachogawa intaneti kwa wapangaji wote. Neno la siri lilikuwa bado lile la kiwandani, kwa hiyo kila siku ya mechi mwalimu wa chumba cha nyuma aliingia humo na kuwakatia wenzake, atazame mpira bila kukwamakwama. Muzee akaniambia ikitokea tena nitafukuzwa.

Niliweka neno jipya, refu, nikampa muzee peke yake. Jumapili tukakatika wote isipokuwa mwalimu.

Nililikuta neno langu kwenye ukuta wa uani, muzee ameliandika kwa makaa kando ya namba za mita ya umeme, tena kubwa kuliko zote.

"Papa, hii ni siri," nikamwambia muzee.

"Wewe leo uko hapa, kesho uko Bunagana. Ukienda tutauliza nani? Mwalimu?"

Nilitaka kubisha, lakini begi langu la safari lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa. Kuondoka nimezoea, kufukuzwa sikutaka. Nikabadilisha neno, nikaliandika ndani ya kofia ya muzee, ambayo huivua kanisani tu, mahali ambapo mwalimu hajaonekana tangu harusi yake.