Mguu wa Mbuzi Pajani

Niliushona mguu wa mbuzi kwenye suruali yangu ya shule, tena nimeivaa.

Daktari wa upasuaji alikuja shuleni kwetu Bariadi kutuhamasisha sisi watoto wa wakulima tusomee kazi yake. Akatugawia miguu ya mbuzi iliyochanwa tuishone. Mshindi mmoja angekwenda hospitali kushuhudia upasuaji.

Nikajigamba, "Daktari, mimi nashona magunia ya pamba tangu darasa la tatu!"

Basi nikaupakata mguu kama gunia, nikazamisha sindano kwa nguvu. Nikamaliza wa kwanza.

Daktari akaniita, "Njoo mbele utuoneshe!"

Nikainuka kwa maringo. Mguu ukaning'inia pajani. Daktari anatafuta mkasi, mimi huyoo, mbio hadi nyumbani.

Nilipomsimulia mama, akanitazama, akasema: "Nafasi umeikosa, ila mboga umeleta. Vua nipike."