Niliuliza Miswada, Nikajibiwa Bili

Leo nimemuuliza mbunge wetu swali moja, na kanisa zima likamshangilia yeye.

Alikuja kwa harambee yetu hapa Kimumu. Mimi nilikuwa nimesoma ripoti inayopima kazi ya wabunge. Wetu yuko karibu na mkia. Hajadhamini mswada hata mmoja.

Mnanijua, huwa siongei mbele ya watu. Leo nilisimama.

"Mheshimiwa, umedhamini miswada mingapi bungeni?"

MC akadakia, "Huyu msichana anataka kujua umesponsor bill ngapi!"

"Bili?" Mheshimiwa akacheka. "Wale nimewalipia bili ya hospitali, hebu inueni mikono!"

Mikono ikapanda kila upande.

Wa mama yangu pia, hapo kando yangu.

Makofi! Nikakaa chini polepole.

Tukirudi nyumbani, mama akaniuliza, bila hasira hata, "Sasa wewe na vitabu vyako, huo mswada ungemtoa baba yako wodini?"

Mwaka jana baba alipona, lakini hospitali ikakataa kumwachilia mpaka bili ilipwe. Nilitaka kumwambia mama kwamba sheria nzuri ingezuia mgonjwa kufungiwa hivyo. Lakini baba alikuwa mbele yetu, anatembea vizuri, anawasimulia majirani ukarimu wa mheshimiwa.



Nyinyi mngemjibu nini? Mimi sijafika umri wa kupiga kura. Wao wamefika, na tayari najua watampa nani.