Mshika Taa Anunua Kamera

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Taa, ingawa hakuuza taa wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Mume wake, aliyejulikana kote kama Dairekta, alikuwa mpiga video wa harusi, na yeye kazi yake ilikuwa kumshikia taa. Dairekta akibeba kamera begani, mkewe yuko nyuma yake, mkono juu, waya umemzunguka kiunoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Bibi harusi akigeuka, taa igeuke. Chakula kikija, Dairekta anakula. Taa haiwekwi chini.

Bega la Mama Taa likaanza kuuma, likauma mpaka likazoea. Siku aliyolalamika, mumewe alimjibu mbele za watu, "La kulia likichoka, la kushoto umemwazima nani?" Ukumbi mzima ukacheka. Dairekta alijaliwa ulimi.

Kisha asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki, kikombe kilimponyoka, naye akafuata chini. Kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na ule ulimi ukabakiwa na neno moja tu. Akitaka maji anasema, "Taa." Akitaka kugeuzwa, "Taa." Nzi akimtua puani, "Taa, taa, taa!" Daktari alieleza kwamba wagonjwa wengine hubaki na neno moja namna hiyo, na hawalichagui wenyewe.

"Angalau wewe hajakusahau," wifi yake alisema. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Dairekta, aliyekaa mtaa wa pili. Alikuja kumwona mgonjwa, akanywa chai, akalalamikia miguu yake, akaondoka.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa ofisi ya video, kuta zimejaa kanda toka sakafuni hadi darini, na ndicho kilichogeuzwa chumba cha mgonjwa kwa sababu kilikuwa na mlango mpana. Mama Taa akawa anaishi kati ya kitanda na zile kanda. Kumgeuza, kumfuta, kumlisha uji, kufua mashuka, kumgeuza tena. Safari yake ndefu ilikuwa duka la kona. Hata mawazo ya kwenda kwao hayakuwa na pa kutua: wazazi walishafariki, na kaka yake alishauza ile nyumba pamoja na viti vyake.

Wateja wa zamani ndio waliomfungulia njia, au niseme walimpa shughuli. Walianza kubisha hodi wakitaka kanda zao za harusi ziwekwe kwenye flashi. Deki za kuchezea kanda zilikuwa zimewafia majumbani, na watoto wao walitaka kuona kwenye simu jinsi baba alivyokuwa mwembamba. Kwa Mama Taa deki moja ilikuwa bado nzima, na kompyuta ya Dairekta ilikuwepo. Kilichokosekana ni cha kuviunganisha. Akaona ile ni kazi anayoweza kuifanya humo humo, mkono mmoja kwenye deki, mwingine kwa mgonjwa.

Alimbembeleza wifi yake akae na mgonjwa kidogo. "Mara moja tu," wifi alisema. "Na usinigeuze mimi yaya."

Fundi wa kamera alikuwa na kibanda chembamba nyuma ya duka la viatu. Alimtandikia kamera mbili juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo kama kipande cha sabuni.

"Hii inatumia kadi. Picha yake, mama, utahesabu nyusi."

"Na kanda zangu zitaingilia wapi?"

"Haziingii. Hii tumbo lake halijui kanda."

Ya pili ilikuwa imetumika, rangi yake ya fedha imechubuka pembeni, nayo ikienea kiganjani. "Hii inameza kanda ndogo," fundi alisema. "Zile kubwa, unachomeka waya kutoka kwenye deki hapa, picha inapita ndani yake, inatokea huku kwenda kwenye kompyuta. Na ukitaka kupiga video mpya, inapiga. Ila picha haifiki ile ya sabuni."

Mama Taa aliinyanyua kwa mkono wa bega bovu, akahesabu pumzi zake, akaona bega limenyamaza. Alikuwa amekuja na kanda ndogo kwenye mkoba. Akaitumbukiza, akairudisha nyuma, akaipeleka mbele, sikio limeinama asikie kama inatafunwa. Haikutafunwa. Kisha akaweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia. Miaka yote ile ya harusi hakuwahi kuliweka jicho pale. Aliuona mlango wa kibanda, na nje yake barabara: mtu anasukuma baiskeli yenye pancha, wasichana wawili wanagombania mwavuli. Akawafuata wale wasichana mpaka kona, akabaki ameielekeza kona tupu, mpaka fundi akakohoa.

"Mama, simu yako inaita."

Alikuwa wifi. "Unachagua kamera au unachagua mume? Rudi!"

Fundi alikubali kubadilishana: ampe ile kamera kubwa ya begani ya Dairekta, iliyokwisha kufa, aitoe vipuri. Mama Taa alirudi nyumbani kuichukua. Dairekta alipoelewa, aliukamata mkanda wa kamera ile kwa mkono wa kushoto. "Taa!" alisema, macho yamemtoka. Mkewe alimtazama. Akavifungua vidole vile kimoja kimoja, pole pole, kama anavyomfungua kila siku ili amnawishe, akaibeba kamera akatoka nayo. Alirudi na ile iliyochubuka.

Mteja wa kwanza wa kamera ile mpya kwake alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke mnene mwenye kicheko. Mama yake alikuwa amefariki majuzi, na sauti yake haikuwepo popote ila kwenye kanda ya harusi.

"Naomba nikae hapa hapa niangalie ikipita," alisema.

"Kaa, dada. Ila ujue haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja inakula saa moja. Nikiisimamisha katikati, naanza upya."

Mama Taa aliifuta kanda ukungu, akachomeka waya, akabonyeza. Dairekta alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso kwenye kioo cha kompyuta. Ukumbi ukatokea, mapambo ya karatasi, watu waliokonda. Muuguzi alijicheka alivyopakwa poda. Kisha mama yake akasimama, mwembamba, kipaza sauti mkononi, na muuguzi akasogeza kiti karibu.

"Mwanangu," sauti ilisema kwenye kanda, "leo unaondoka kwangu. Neno langu ni moja. Nyumba ik—"

"Inua taa!" Sauti ya Dairekta ilipasuka karibu na kamera, ikafunika kila kitu. "Inua, mwanamke wewe! Umelala? Mkono wa mzoga huo! Nimeoa mtu au nimeoa gogo?"

Watu kwenye kanda walicheka. Sauti ilipoisha, mama mzazi alikuwa anakaa, anafuta macho.

Chumbani hakuna aliyecheka. Muuguzi alitazama chini. Dairekta alifungua mdomo. "Taa," alisema taratibu, mkono wa kushoto unapapasa hewani kuelekea deki. "Taa. Taa." Alitaka izimwe. Mama Taa hakuizima. Kanda ilikuwa bado nusu, na kwenye nusu ile Dairekta alimkaripia kwenye keki, akamkaripia kwenye zawadi, akamkaripia mlangoni. Wote watatu walikaa wakasikiliza mpaka mwisho, maana hapakuwa na njia ya mkato. Dairekta aligeuza uso ukutani.

"Mama alisema nini pale?" muuguzi aliuliza hatimaye. "Mimi siku ile nilikuwa nalia tu, sikusikia kitu. Nimekuja kwa ajili ya pale."

"Mimi nilisikia," Mama Taa alisema. "Nilikuwa nimesimama naye karibu kuliko mtu yeyote."

"Na unakumbuka?"

"Sijawahi kusahau."

Muuguzi aliinuka, akaitoa ile kamera ndogo kwenye waya. "Nionyeshe pa kubonyeza. Yaseme, kisha uyaunganishe mwishoni mwa kanda."

Mama Taa alikataa. Akasema hajachana nywele, akasema yeye si mtu wa mbele ya kamera. Muuguzi akamketisha kwenye kiti kama mgonjwa mbishi. Alikaa mgongo umenyooka, mikono haijui pa kwenda.

"Mama yako alisema: Nyumba ikikushinda, usione haya. Mlango wa kwenu haujafungwa, na kitanda chako sitampa mtu." Muuguzi hakuzima. "Nilifikiri, kumbe mtu anaweza kuambiwa hivyo. Mimi sikuambiwa. Basi. Zima, dada."

Muuguzi alipokwenda na flashi yake, mvua ilikuwa imeanza. Mama Taa alikwenda kumgeuza mgonjwa. Dairekta alimkamata kiganja. Mdomo wake ulihangaika, jasho likamtoka, shavu zima likavutika upande. "Ta... taa," alisema. Machozi yakamtiririka mpaka sikioni. Mkewe alisubiri, ameinama, bega linamuuma. Labda lilikuwa samahani. Labda alitaka uji. Dairekta mwenyewe pengine hakujua limetoka neno lipi.

"Nimesikia," alimwambia, asijue amesikia nini. Akamfuta sikio, akaenda kukoroga uji.

Kanda zinaendelea kuja, na anazipitisha moja moja, saa kwa saa, kitanda ubavuni. Picha zinapofika kwenye makaripio huwauliza wateja kama awatolee ile sauti. Wengi husema aiache, harusi yao ndivyo ilivyokuwa. Dairekta siku hizo hulala akitazama ukuta.

Wiki moja baada ya muuguzi kuja, Mama Taa alimwomba wifi yake alasiri moja tu kila juma, atoke na kamera yake, apige chochote, hata barabara.

"Nitaona," wifi alisema.

Mpaka leo bado anaona.